Bi Asumini Si Mtu wa Hapa

Sehemu ya sita

Uvumi wa Sitti ulikuwa umemganda Laker kichwani kama utomvu wa fenesi, na utomvu wa fenesi, akina mama wenzangu mnajua, hautoki kwa maji matupu.

Sitti, jirani yake pale Kyebando, Kampala, aliuleta siku ya Jumanne alipokuja kurudisha chumvi aliyoazima.

"Mama Amito, sikia. Kule Naguru iko mkubwa moja, Kapteni Dawudi. Kila Jumamosi anasoma ile hadithi ya mapenzi ya gazeti, ya Bi Asumini. Anasoma na kalamu nyekundu mkononi. Hacheki. Halii. Anasema tu, huyu mwanamke si mtu ya hapa."

"Kama si wa hapa, wa wapi?"

"Ng'ambo ya mpaka. Tanzania." Sitti alilitamka neno la mwisho kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Kama wewe najua huyo Bi Asumini, mwambie ahame."

Laker alimjua. Alilala naye chumba kimoja. Bi Asumini alikuwa Amito, mwanawe wa pekee, miaka kumi na tisa, mpiga chapa katika karakana ya mbao kule Ntinda. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Jinja, na alitapika njia nzima.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa sabini na tano, jeshi linatawala na Tanzania inahesabiwa adui. Mtu akishasemwa ni wa ng'ambo ya mpaka, hakuna aliyekaa kumuuliza habari za Jinja.

Na leo Jumamosi, saa nne ya asubuhi, gari limesimama nje ya nyumba. Kapteni Dawudi yuko mlangoni, na ameuliza kwa sauti ya upole, "Hapa nani Bi Asumini?"

Laker, ambaye alisoma hadi darasa la nne na la nne lenyewe hakulimaliza, amejibu:

"Ni mimi."

Hapo ndipo mlipomwacha wiki jana. Neno bado liko mdomoni, hajapata hata nafasi ya kulimeza.

"Wewe?" Kapteni alimtazama toka kitambaa cha kichwa hadi miguu yenye unga wa muhogo.

"Mimi, Afande."

"Vizuri. Ofisi ya gazeti imenipa anwani. Iko jina yako, Laker, Kyebando. Mimi nikafikiri nitakuta msichana."

Nyuma ya pazia linalogawa chumba, kitanda kilitoa mlio mdogo. Msichana alikuwa hapo, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, na mama yake alikuwa amemsukumia huko kwa kiwiko gari lilipopiga breki.

Kapteni alivuta kiti, kile kimoja kilichokuwepo, akaketi. Akatoa magazeti kwapani, yamefungwa kwa uzi. Akayapanga mezani moja baada ya jingine. Yalikuwa kumi na moja.

"Mama, mimi si mtu mbaya kwa kusoma. Nimesoma yote. Wiki ya tatu, huyu kijana Nasibu anatia mguu kwa ngazi, anakwenda kwa huyu msichana Zuhura. Wiki ya tisa, bado iko kwa ngazi. Mimi nauliza kama msomaji. Hii ngazi inakwenda wapi?"

Laker hakujua kama kuna ngazi.

"Inakwenda juu, Afande."

"Juu kwa nani?"

"Kwa... kwa wazazi wa msichana."

"Zuhura ni yatima. Umeandika wewe mwenyewe, wiki ya pili."

"Walikufa ghafla, Afande. Bado sijazoea."

Kapteni hakucheka. Alisogeza gazeti moja mbele, akaweka kidole chini ya mstari mwekundu. "Soma hapa. Kwa sauti. Mtu akiandika kitu, kusoma haimshindi."

Laker akainama. Hivi ndivyo palivyoandikwa:

*Ewe mahabubu wa roho yangu, mawimbi ya huba yamenigharikisha, na asumini ya kifua changu yanyauka kwa kukosa umande wa macho yako.*

Alisoma kama walivyofundishwa na masista, kidole chini ya kila herufi. "E-we. Ewe. Ma... wa roho yangu. Ma-wi-mbi ya..." Neno lililofuata alilikagua toka mwanzo hadi mwisho, akaona ni refu kuliko pumzi yake. Akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "...na... ya kifua changu..."

"Usiruke!"

Pazia lilifunguka. Amito akatoka, nywele nusu zimesimama, macho yamemtoka.

"Mama, umeruka 'yamenigharikisha'! Hilo ndilo neno lenyewe! Sentensi nzima imeningojea mimi wiki mbili kulipata hilo neno!"

Laker alifunga macho. Wako watoto wanaowaponza wazazi wao kwa wizi, wengine kwa mimba. Wake alitoka mafichoni kwa sababu alisomwa vibaya.

"Aa," akasema Kapteni, akageuza kiti. "Sasa Bi Asumini amefika."

Amito alitambua alichofanya. Akakaa juu ya gunia la makaa.

"Kila wiki unaandika bahari," Kapteni alianza. "Umeona bahari?"

"La, Afande."

"La! Nani Kyebando anasema 'la'? Asumini umeona?"

"Sijaiona. Naamini inanukia."

"Unaamini." Kapteni alitikisa kichwa taratibu. Na hapa, msomaji, mtu huyu hakuwa na hasira. Alizungumza kama fundi saa aliyeletewa saa isiyokuwa na kitu ndani. "Binti, kazi yangu mimi ni kujua watu. Nikisoma barua ya mwizi, naona mwizi. Nikisoma ya mtu mwongo, naona uso yake kabisa. Yako nimesoma wiki kumi na moja, sioni mtu. Nasibu hali chakula. Hana kazi. Zuhura hafui nguo. Wanapumua tu. Mtu akijificha hivi nyuma ya maneno, anaficha nini?"

"Hafichi kitu, Afande!" Laker alipiga magoti kabla hajajua amepiga. "Ni kuandika vibaya tu!"

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Afande, huyu mtoto hajui kuandika. Mimi mama yake nasema. Jioni ananisomea, mimi najifanya nasikiliza, huku nahesabu mbu. Huyo Nasibu simjui. Ngazi siijui. Hii haiwezi kuwa ya adui, Afande. Adui angeandika vizuri zaidi."

Kona moja ya mdomo wa Kapteni ilisogea. Ni kidogo, lakini ilisogea. Laker akaona mlango umefunguka ufa mmoja, na mtoto wake, badala ya kupita, akausukuma ukafungika.

"Wasomaji wananiletea barua!" Amito alisema, machozi ya hasira yakimtiririka. "Toka Mbale! Toka Arua! Hii ni sanaa, Afande. Na kama Afande haielewi, pengine ni kwa sababu..."

Laker alimkanyaga mguu.

"Kwa sababu nini?" Kapteni aliuliza.

"Kwa sababu Afande ana kazi nyingi," Laker alijibu.

Nje dereva alikohoa. Wanawake waliokuwa bombani walikuwa wameondoka wote, na ndoo zao zimebaki foleni zenyewe.

"Haya. Hii sanaa, nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye sanduku."

Laker alitaka kuukanyaga mguu tena, ila safari hii ulikuwa mbali.

Sanduku lilitolewa chini ya kitanda. Lilikuwa la Mama Gulbanu, mwenye duka la vitambaa Ntinda, mzaliwa wa pwani. Wahindi walipoambiwa waondoke, alimkabidhi Amito vitu vyake vya kusoma kwa sababu kwenye ndege havikuingia. Ndani mlijaa majarida ya wanawake wa pwani, vitabu vya nyimbo za harusi, barua za mapenzi za kuigiza, na mende waliokufa zamani.

"Mali ya Mhindi," Kapteni alisema pole pole. "Nani alikugawia?"

"Ni karatasi, Afande," Laker aliwahi. "Tunawashia sigiri."

"Hatuwashii!" Amito alisema.

Kapteni alifunua jarida moja. Palikuwa na picha ya mwanamke ananusa ua. Akalinusa na yeye, akakunja pua kwa harufu ya mende. "Hii inatoka wapi?"

"Unguja, Afande."

"Na Unguja iko nchi gani?"

Amito alifungua mdomo. Akautazama uso wa mama yake. Akaufunga, mara ya kwanza tangu asubuhi, lakini alikuwa ameshachelewa.

Kapteni alisimama. Laker alifikiri ndio mwisho. Lakini mtu huyo alichukua karatasi nyeupe, akailaza mezani, akaweka juu yake kalamu yake nyekundu.

"Mimi nitakuwa mtu wa haki. Wewe nasema ni mtoto ya hapa. Andika mapenzi ya hapa. Karatasi moja. Nikiona mtu ndani, naenda zangu na sanduku sijaliona. Nisipoona mtu, unapanda gari, utamaliza kuandika kule."

Kule. Hakusema wapi. Kyebando nzima hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Amito alishika kalamu. Akaandika haraka, kama kawaida yake: *Mbalamwezi ilipochomoza...*

"Hakuna mtu," Kapteni alisema, akaikata kwa kucha.

*Upepo mwanana wa machweo...*

"Hakuna mtu."

*Kifuani mwake...*

"Kifua ya nani?"

Kalamu ilisimama. Amito aliitazama karatasi, na Laker akamwona mwanawe kama alivyokuwa na miaka saba, siku aliyopotea sokoni, amesimama anageuza shingo huku na huku.

"Mama," Amito alisema kwa sauti ndogo, na maneno ya pwani yote yalikuwa yamemwisha. "Sijui. Hakuna mtu amewahi kunipenda. Wala sijawahi kuona wanavyofanya."

Hili lilimchoma Laker kuliko kalamu, kuliko gari. Kwa sababu mtoto alisema kweli, na kweli hiyo aliipika Laker mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa amepiga marufuku jina moja ndani ya nyumba hii. Hakulitaja wakati wa kula, wala wakati wa sala. Jirani akiuliza baba Amito yuko wapi, alijibu kwamba alikwenda kazini mwaka wa sabini na mbili na kazi bado haijamwisha. Hata yale mtoto aliyoyaona kabla ya hapo yalifungiwa pamoja na jina; angeyaona wapi mapenzi mengine? Aliyafuata sandukuni kwa mende.

Laker alinyanyuka kutoka sakafuni. Akapangusa magoti.

"Andika," alisema. "Mimi nasema, wewe andika. Usiongeze kitu."

"Nini, Mama?"

"Andika hivi: Birika langu lilivuja."

"Birika?"

"Andika, mtoto!"

Amito akaandika. Laker hakumtazama Kapteni. Aliutazama ukuta.

"Nilikuwa msichana, nimetoka Kitgum, nakaa kwa dada yangu kule kambi ya polisi ya Naguru. Birika lilivuja pale mdomo unaposhikana na tumbo. Akaja askari mmoja, jirani. Siku zake za mapumziko alikuwa analehemu vyombo vya watu. Akasema, 'Dada, birika yako inalia. Nitaziba.' Akaziba. Wiki ikapita, likavuja tena, pale pale. Akaja tena. Miezi minne, Afande. Kila Jumapili. Hakusema kitu kingine, ni birika tu. Nikamwambia dada yangu, huyu ni fundi mbaya kuliko wote Naguru."

Kapteni alikuwa ameketi tena. Hakuna aliyemwona akiketi.

"Siku moja nikapita nyuma ya nyumba yake. Nikamwona dirishani. Ameshaziba, kazi safi, inang'aa. Halafu anachukua msumari mwembamba, anatoboa tena. Pole pole. Ulimi umetoka nje, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba."

"Ukamwambia nini?" Ilikuwa sauti ya Kapteni.

"Sikumwambia kitu. Alipoleta birika nilimpa chai. Na Jumapili iliyofuata nililitoboa mwenyewe."

Amito aliinua kichwa toka kwenye karatasi, akamtazama mama yake kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

"Akakuoa?"

"Akanioa. Miaka kumi na saba birika halikuvuja hata tone. Mwaka wa sabini na mbili likaanza tena, safari hii lenyewe. Asubuhi moja anafunga mkanda, nikamwonyesha. Akasema, 'Nikirudi nitaziba.'"

Amito alingoja na kalamu juu, akaona hakuna zaidi, akaweka nukta.

Kwenye kona, birika lile lile lilikuwa juu ya sigiri. Tone moja likakusanyika chini ya mdomo wake, likanenepa, likaanguka juu ya makaa: chss. Kapteni aligeuka. Akalitazama. Tone la pili likaanguka.

"Fundi ziko wengi Kampala," alisema. "Miaka tatu hujapeleka?"

"Alisema ataziba yeye."

Kapteni alivua kofia, akaiweka gotini. Akaichukua karatasi, akaisoma. Akairudia. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtoto wa shule. Laker alijiandaa kwa swali la jina. Lilikuwa lazima lije. Jina, namba ya kazi, kabila, na baada ya hapo gari. Alikuwa amemtoa mtoto shimoni akajitumbukiza mwenyewe, kwa mdomo wake, baada ya miaka mitatu ya kuuziba.

Kapteni hakuuliza jina.

"Hapa naona mtu," alisema. "Naona mtu kabisa."

Magazeti kumi na moja aliyaacha mezani. Karatasi ile moja aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo.

"Binti, huyu Nasibu ashuke kwa ngazi, aende nyumbani kwao. Jumamosi nataka kusoma ya birika. Hivi hivi, kama mama amesema."

"Ndiyo, Afande," Amito alijibu. Na kwa sababu hakuna ugonjwa unaopona siku moja, akaongeza: "Kwa hiyo Afande ameipenda?"

Laker alimkanyaga.

Kapteni alikuwa amefika mlangoni. Alisimama hapo, kofia mkononi, amewapa mgongo. Alizungumza akiangalia barabara.

"Ile chuma ya kulehemu ilimchoma. Kidole gumba, ya kushoto. Kucha haikurudi. Akikaa na watu alikuwa anaficha kwa mfuko."

Akatoka. Mlango wa gari ukafungwa.

Amito alishusha pumzi, akacheka, akamkumbatia mama yake. "Tumepona! Mama, tumepona! Na ameguswa, umemwona? Ameguswa!" Kisha akahisi mwili wa mama yake ulivyokuwa mgumu. "Mama? Lile la kidole... sikuliandika mimi."

"Hukuliandika."

"Na wewe hukulisema."

"Sikulisema."

Injini ilikuwa bado inakohoa nje, inakataa kuwaka. Laker alichana ukingo wa gazeti la wiki ya tisa, akamsukumia mwanawe pamoja na ile kalamu nyekundu ambayo Kapteni aliisahau.

"Andika. Mambo ya kuepuka. Haraka, kabla sijapoteza akili yangu."

Na hii ndiyo orodha, kama Amito alivyoiandika. Mwenye binti anayependa kalamu na aikate, aibandike ukutani.

Usiandike bahari.

Usimpandishe mtu ngazi zaidi ya wiki mbili.

Usitoke nyuma ya pazia, hata mama akisoma neno lako kinyumenyume.

Usimwambie msomaji kwamba haelewi.

Usitunze sanduku la mtu aliyefukuzwa.

Ukiulizwa Unguja iko wapi, hujui.

Usiulize mkubwa kama ameipenda.

Usiandike vizuri kupita kiasi. Mtu akiguswa, anakumbuka mambo.

Usitaje kidole mbele ya mtu yeyote, hata Sitti.

Usimkimbilie Kapteni kumuuliza alikiona wapi, na siku ile alipokiona, mwenye kidole alikuwa bado anapumua au la.

Hilo la mwisho Amito alilimalizia peke yake, kwa kufuata sauti ya Laker iliyokuwa inatoka nje. Mama yake alishafika barabarani, miguu mitupu, birika mkononi linadondoka, anagonga kioo cha gari.